Stoo ya Ng'ambo: Ekseli Iliyolazwa Sandukuni

Je, msomaji wangu, ungekuwa wewe ndiye mwenye ufunguo, ekseli ni moja na malori yaliyolala njiani ni mawili, ungempa nani?

Usijibu upesi. Wiki iliyopita tulimwacha Tekla, mke wa Raymundi, amepiga magoti sakafuni ndani ya stoo yake mtaani Ng'ambo, Tabora, patasi mkononi, wanaume wawili wamemsimamia kichwani. Kulia Mayala, ambaye lori lake limekatika ekseli njia ya Nzega na magunia ya karanga juu yake. Kushoto Ambrosi, ambaye lake limekatika ekseli kule msitu wa Usinge, limejaa nta na madebe ya asali. Wamefika asubuhi moja, mlango mmoja, wanataka kitu kimoja.

Na mawingu ya Novemba yalikuwa yameshapanda.

"Fungua, shemeji," alisema Mayala. "Nimekanyaga baisikeli tangu juzi. Makalio haya si yangu tena."

"Mimi ndiye niliyetangulia kubisha hodi," alisema Ambrosi.

"Ulitangulia kwa kuwa una mikono mirefu kama nyani."

Mzee Bernardo, mkubwa wa shirika lao, alikuwa ameketi juu ya tairi kuukuu. Akagonga fimbo chini. "Afungue kwanza. Mnagombea mtoto hajazaliwa?"

Tekla akatia patasi chini ya ubao. Misumari ikalia mmoja mmoja. Aliihesabu: sita. Harufu ya grisi ikapanda, nzito, ya zamani. Akafunua karatasi ya kwanza, akafunua ya pili.

Ekseli ilikuwemo. Ilikuwa vipande viwili.

Kuku aliingia, akachungulia sandukuni kama na yeye ni mwanashirika, akatoka.

"Imekatikia humu humu?" aliuliza Mayala. "Kwa kulala?"

"Chuma hakikatiki kwa kulala," alisema Mzee Bernardo. Aliinama, magoti yakamlia. "Hii imekatikia kazini. Tazama kutu penye jeraha. Ni ya siku nyingi."

"Basi mpya iko wapi?"

Macho sita yakamgeukia Tekla.

Sasa, kama gazeti la wiki jana lilifungiwa dagaa kabla hujalisoma, nipe sikio kidogo. Wanaume wanne wa Tabora walinunua malori manne katika mnada mmoja, pale mashamba makubwa ya karanga ya Urambo yalipokuwa yakiuza vyombo vyake. Malori ya aina moja, ya kijani, yanayofanana kama mapacha wa pacha. Kila mtu alikuwa bwana wa lori lake, njia yake na mizigo yake; hakuna aliyemtuma mwenzake. Lakini Raymundi, aliyekuwa fundi kati yao, aliwaambia: ekseli haikatiki kila siku. Kila mtu akinunua yake, zitalala nne zikingoja lori moja liharibike. Tununue moja, gharama tuigawe kwa wanne, ikae mahali pamoja.

Wakakubali. Ikanunuliwa ekseli, zikanunuliwa springi, kabureta, beringi na mikanda ya feni. Raymundi akajenga stoo nyuma ya nyumba yake, na kwenye ukuta akagonga msumari kwa kila kitu kilichokuwamo.

Desturi yao ilikuwa hii. Ukichukua kitu, hutakiwi kuandika wala kulipa. Unatundika kibati chako chenye jina lako kwenye msumari wa kitu hicho. Kibati kinaning'inia mpaka siku utakapoleta kingine kipya. Ni ahadi. Mtu aliyetundika kibati hasimangwi, kwa maana amesema mbele ya wote: mimi nitarudi.

Kisha Raymundi alisafiri. Alisema anakwenda Kigoma, siku nne. Mpaka Novemba ile ya mwaka 1952, siku nne zake zilikuwa zimetimia mwaka mmoja na miezi tisa.

Tekla alibaki na ufunguo. Fungu la mumewe la gharama hakuliacha lianguke hata mara moja. Alichemsha mayai na njugu, akauza stesheni kwa abiria wa gari moshi, akachanga kama wanaume. Na kila mwisho wa mwezi Mzee Bernardo alikuja, akasoma orodha kwa sauti ya kanisani. Springi? Zipo. Kabureta? Mbili. Ekseli? Hapo mzee alikuwa akigonga sanduku mara mbili kwa fimbo yake, ko, ko, akasema mwenyewe: "Ipo."

Hawakulifungua hata siku moja. Raymundi alikuwa amewaonya kwamba anayelifungua bila haja anakaribisha mavumbi grisini. Basi wakawa wanahesabu sanduku wakidhani wanahesabu ekseli.

Tumefika. Turudi ndani.

"Ufunguo ni wako peke yako, shemeji," alisema Mayala. "Kufuli ni zima. Dari ni nzima. Tuseme ni panya?"

"Sijauza kitu, Mayala."

"Nani kasema umeuza? Mimi nimesema panya."

"Wewe Mayala, chunga mdomo," Ambrosi akasema.

"Nichunge mdomo, karanga zangu zichungwe na nani? Dereva wangu amelala juu ya magunia siku ya tatu leo, anatazama mawingu kama mkwe anayetazama posa!"

Mzee Bernardo hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alivua kofia yake akaipakata. "Tekla, binti yangu. Stoo hii ilisimama kwa kuaminiana, haikusimama kwa kufuli. Leo imeanguka. Kila mtu achukue fungu lake aende nalo kwake. Mimi nitakuja na mkokoteni."

Msomaji, wao waliona vyuma vinagawanywa. Tekla aliona kitu kingine.

Hakujaliwa mtoto. Ndugu zake walikuwa mbali, Sikonge. Katika nyumba ile sauti ya mtu iliingia pale tu lori la mtu lilipoharibika. Jumapili kanisani aliwaombea wanashirika safari njema, kwa moyo safi kabisa. Lakini zikipita wiki mbili hakuna hata plagi iliyokufa, alijikuta anafagia uwanja mara tatu kwa siku, jicho liko langoni. Kisha anatubu. Na mtu akija kuchukua mkanda wa feni, Tekla alimwekea kiti cha mgongo, akamletea maji na njugu mawe za moto. Mtu alikaa kadiri ya kumaliza maji. Gari linangoja, shemeji. Haya, kwaheri.

Sasa hata hayo maji hayatakuwa na wa kuyanywa.

Wanaume wakaanza kugawa. Mafungu matatu juu ya sakafu. Springi zikaenda vizuri. Beringi zikaenda. Kwenye kabureta wakakwama.

"Mbili kwa watu watatu," alisema Mayala. "Tunaipasua kama muwa?"

"Wewe chukua beringi mbili zaidi."

"Beringi inavuta petroli, mzee? Nikifiwa na kabureta kule Igunga, nitie beringi?"

"Basi utanunua yako."

"Na wewe yako, na huyu yake! Si ndiyo tuliyoyakimbia?"

Wakaendelea kugawa.

"Mbona mafungu ni matatu?" aliuliza Tekla kwa sauti ndogo. "Fungu la Raymundi?"

Mayala alicheka bila furaha. "Fungu la Raymundi limeshaliwa humu ndani."

Tekla alikuwa amechukua kipande kimoja cha ekseli, kile chenye meno, akakiweka mapajani kama mtu anayempara samaki. Kwa pindo la khanga akafuta grisi. Alifuta pole pole, kwa mazoea tu. Mikono yake haikujua kukaa bure. Na chini ya grisi, karibu na meno, kidole chake kikaingia kwenye alama.

Alama ya tupa. Moja. Mbili. Tatu.

Raymundi alikuwa akipiga alama tatu za tupa kwenye kila chuma cha lori lake, maana malori yalifanana, na yeye hakutaka chake kichanganywe na cha mtu.

Tekla akaweka kidole gumba juu ya alama zile, akakibana hapo.

Akili ilikuwa imetulia kama maji ya mtungi. Yote yalimjia kwa mpangilio. Wiki ile kabla ya safari, lori la Raymundi lilikuwa juu ya matofali uani. Siku ya pili likawa chini, linakwenda. Hakusema ametumia nini. Kisha akamwita stoo: "Tekla, njoo unishikie misumari, ubao huu umelegea." Yeye akaja. Akampa mmoja mmoja, mkononi mwake, misumari sita. Wakacheka jambo fulani, sasa hata halikumbuki.

Kumbe mume wake aliichukua ekseli mpya, akailaza ile iliyokatika mahali pake. Na kibati chake hakukitundika.

Hapo ndipo palipomchoma. Anayekusudia kurudi hutundika kibati.

Akiinua kidole, tuhuma ya wizi inamtoka palepale. Lakini na neno lile alilolisema kila mwezi, mbele ya orodha, mbele ya majirani, mbele ya padri, neno la "Raymundi atarudi", linakufa mbele ya wanaume watatu na kuku mmoja. Uitwe mwizi, au uitwe mke aliyeachwa asiambiwe. Wewe ungechagua lipi?

Tekla alichagua. Akakaza kidole.

"Raymundi atarudi," alisema. "Atawaeleza yeye."

Mayala akapiga makofi. "Haya! Tumngoje Raymundi. Nitaziambia karanga zisiote mpaka Raymundi aje."

"Shemeji."

Alikuwa Ambrosi. Alikuwa ameacha kugawa zamani. Beringi imemkaa mkononi. Hakuwa anamtazama Tekla usoni. Alikuwa anatazama mapaja yake, pale kwenye chuma.

"Shemeji, ondoa kidole."

"Nina jeraha," alisema Tekla.

"Huna jeraha. Ondoa kidole, shemeji. Wasikuite mwizi kwa ajili yake."

Mzee Bernardo aliinua kichwa. "Kwa ajili ya nani?"

Ambrosi akaiweka beringi chini taratibu. Mtu huyu ana mwili wa kubeba gunia kila kwapa, lakini saa ile alikuwa mdogo kama aliyeitwa mbele ya padri. "Nilipeleka asali Mpanda mwaka jana, kwa wachimbaji wa madini. Nikaliona lori la kijani linashusha magogo. Nikasema, hili nalijua. Mtu akatoka chini yake na spana. Raymundi."

"Muongo," alisema Mayala, lakini polepole.

"Kwa jina la Mungu. Alinishika mkono akaniambia, Ambrosi, hukuniona. Ya ekseli sikuyajua, naapa. Ningeyajua nisingepanda gari moshi kuja kuitaka. Lakini nilipoona hii sandukuni, na jinsi shemeji alivyoishika..."

Sasa Tekla akaondoa kidole.

Mzee Bernardo alivaa miwani yake, akasogea, akazihesabu alama zile kwa ukucha. Moja, mbili, tatu. Mayala, ambaye mdomo wake haujapata kufungwa tangu alipoota meno, aliufunga.

"Ana nyumba huko?" aliuliza Tekla.

"Ana nyumba."

"Ina mtu?"

Ambrosi akatazama mlangoni. "Ina mtu. Juni nilipomwona tena kulikuwa na mtoto. Anaanza kutambaa."

Neno "mtoto" liliingia stoo ile likakaa katikati yao, na hakuna aliyejua alifanyie nini.

"Umekuwa ukija hapa mwaka mzima, Ambrosi," alisema Tekla. "Unakaa kwenye kiti kile. Unakunywa maji yangu."

"Ndiyo, shemeji."

"Ndiyo maana ulikuwa huyamalizi."

Mtu mzima yule alitokwa na machozi. Tekla hakutokwa na kitu. Alisimama, akajipangusa magoti, akainama kwenye fungu la kwanza. Akachukua springi, akairudisha rafuni. Akachukua beringi, akairudisha kwenye kopo lake. Kwenda na kurudi, bila neno. Mzee Bernardo akainuka na kumpokea kabureta, akaiweka mahali pake kwa mikono miwili.

"Binti yangu," alisema akiwa ameupa mgongo mlango, "nimeligonga sanduku lile kwa fimbo hii mara ishirini na moja, nikasema ipo. Mimi ndiye niliyehesabu vibaya. Nisamehe."

"Nimekusamehe, mzee."

"Mimi je, shemeji?" aliuliza Mayala.

"Wewe umesema panya. Panya nimemwona."

Wanaume wakacheka, wote watatu, kicheko cha watu waliokuwa wanakabwa. Na papo hapo Mayala akarudiwa na ulimi wake. "Wanangu wee! Ekseli yetu ni nzima, inabeba magogo Mpanda! Tuliichangia wanne, si ya mtu mmoja. Gari moshi linaondoka saa tisa. Nakwenda na spana zangu, naingia chini ya lori lake, naitoa, namwachia hii yenye alama zake tatu. Mali yake kamili, asije akasema tumemdhulumu."

"Nakwenda na wewe," alisema Ambrosi. "Mimi ndiye ninayeijua nyumba."

"Na ikija?" Mzee Bernardo akauliza. "Inakwenda Nzega au Usinge?"

Wale wawili wakatazamana. Ambrosi akafungua mdomo kumwachia mwenzake, maana dhamiri ilikuwa inamla. Lakini mzee akamzuia kwa fimbo.

"Mwenye ufunguo aseme."

Tekla hakufikiri sana. Mtu anayeishi na vyuma hujua pia mizigo yake. "Apewe Mayala. Karanga zikinyeshewa zitaota maguniani. Nta ikilowa inabaki nta. Lakini Ambrosi asingoje na mzigo wake. Lori la Mzee Bernardo liende Usinge likapakie nta kabla mvua haijafunga njia, na mafuta ya safari hiyo tuyagawane kama tulivyogawana ekseli."

"Hata mimi nichangie?" Mayala akasema. "Lori la mwenzangu, nta ya mwenzangu?"

"Ekseli ya wenzako unaitia kwenye lori la nani?"

Mayala akakuna kichwa. "Shemeji, ungekuwa hakimu ningekuwa nimeshafungwa."

Basi mambo yakapangwa. Spana zikafungwa kwenye gunia, vipande viwili vya ekseli vikafungwa kwa kamba. Wanaume walikuwa wamesharudiwa na damu. Wakaanza kuzungumza kwa sauti za stendi ya malori, jinsi watakavyomkuta, watakavyomwambia. Mayala akaapa atamleta Raymundi amefungwa miguu na mikono kama mbuzi wa Pasaka.

Hapo ndipo walipogundua Tekla hayumo stoo.

Alitokea mlango wa nyumba. Alikuwa amevaa viatu vyake vya kanisani na khanga mpya, bado ina mkunjo wa dukani. Mkononi fungu dogo la nguo. Alifunga stoo, akavuta kufuli kulipima, akampa Mzee Bernardo ufunguo.

"Shika wewe mpaka nirudi."

"Urudi kutoka wapi?"

"Nakwenda nao."

Wanaume wakasema wote kwa pamoja. Mpanda ni mbali. Behewa litajaa. Si mahali pa mwanamke, kule kwa wachimbaji. Watu watasemaje?

"Watu wamesema mwaka na miezi tisa," alijibu Tekla. "Hawajachoka, basi waendelee."

Mzee Bernardo alimsogelea, akashusha sauti. "Tekla. Ukimrudisha, kuna mtoto pale."

"Simrudishi."

"Unakwenda kumtukana?"

"Matusi sina, mzee. Unanijua."

"Basi wewe mwenyewe unataka nini?"

Swali lile, msomaji, hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza Tekla tangu lori la kijani litoke langoni. Walimwuliza kama springi zipo. Walimwuliza kama Raymundi ameandika barua. Alifungua kinywa kusema "si neno", kama alivyozoea. Akakifunga. Ambrosi akainamisha kichwa. Hata Mayala akalishusha gunia la spana.

"Kila siku nikipakua chakula namsemesha," alisema Tekla. "Namwuliza chumvi imetosha? Namwambia nani amekufa mtaani, nani ameoa, bei ya mayai imekuwaje. Nikifua shuka namwambia shika huku. Nimesema peke yangu, mzee, mpaka sauti yangu mwenyewe nimeichoka."

Akaliweka fungu lake kichwani.

"Nataka nisimame mbele yake nimwulize kosa langu. Halafu nataka anijibu."